Sura ya Saba: Jivu Chini ya Kioo

Chai ya tatu ilipoletwa, Inspekta Uthmani akaona kweli Muyinga itamshinda.

"Mama Yasmina, mi nashukuru sana, lakini..."

"Lakini nini, shefu? Umetoka Gitega na njaa, inaonekana kwa macho. Kula kwanza. Maswali haiko na miguu, haitakimbia."

"Maswali haikimbie. Ni watu ndo banakimbia."

Alisema hivyo akiangalia mlangoni. Mabegi ya safari yalikuwa yamepangwa pale, zipu zimefungwa, viatu vya watoto juu yake. Mabegi hayo ndiyo yaliyomtoa kitandani alfajiri. Mwenye mabegi alikuwa Mustafa, fundi cherehani wa Ujiji, aliyekuja na mke, watoto na mama yake mzazi kumtembelea ndugu yao Yasmina hapa Muyinga, na mchana huu walikuwa wavuke mpaka wa Kobero warudi Tanzania. Gitega nako, mtu aitwaye Nazario alikuwa kasho, mahabusu ya polisi, tangu Jumatatu. Saa nane ofisi ya mashtaka ingemsomea karatasi yake na kumpeleka gerezani. Kilichowaunganisha Mustafa na Nazario kilikuwa kitu kimoja kilichopotea: bangili ya shaba.

Nazario alikuwa mlinzi wa ngome ya Karimbi. Asiyeijua ngome hiyo asitegemee makubwa. Iko juu ya kilima, upande wa Makebuko. Zamani za Wabelgiji, mwana mmoja wa ukoo wa mfalme alipewa zawadi ya kopo la biskuti lenye picha ya ngome ya Ulaya, akalipenda kopo kuliko biskuti zenyewe. Akaita mafundi, akawaonyesha: nijengeeni hii. Mafundi wakajenga walichokiona. Mbele minara miwili mizuri sana, nyuma ukuta mtupu, kwa sababu nyuma ya kopo kulikuwa na maandishi tu. Amani iliporudi ngome ikapigwa chokaa, ikapata mlinzi na kabati la kioo, na ndani ya kabati ikawekwa bangili ya mama yake yule bwana. Watu wakaanza kwenda kutembea, mpaka wageni wa nje. Jumamosi iliyopita alikwenda Mustafa na familia yake. Jumapili huwa pamefungwa. Jumatatu asubuhi mkaguzi wa mambo ya kale akakuta kioo kizima, kufuli zima, bangili hakuna.

Ufunguo anao Nazario peke yake. Alipoulizwa alitoa maneno mawili.

"Mnifunge tu."

Tangu hapo hakuongeza hata salamu. Na mtu anayesema mnifunge tu, Uthmani alijua kwa miaka yake kazini, ama ni mwizi aliyechoka, ama si mwizi hata kidogo.

Inspekta akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaigusa bila kuifungua. Ndani kulikuwa na alichokwangua kwenye kitambaa cheusi cha kabati, pale pale bangili ilipokuwa ikilala: majivu kidogo, na kipande chembamba chekundu, kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Komisari wake alipokiona alipiga meza kwa furaha. Jivu ni la sigara, nyekundu ni rangi ya kucha! Mume anavuta, mke anapaka! Lete hao, Uthmani!

"Bon," alisema Uthmani, akasukuma kikombe kando. "Bwana Mustafa, tuanze."

Mustafa alikaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mkewe, Amisa, alisimama nyuma yake. Chini, kwenye mkeka, mama yake Mustafa, Bibi Kulthumu, alikuwa anahesabu tasbihi, mtandio mpaka kwenye nyusi. Fredi, polisi dereva wa Uthmani, alikuwa mlangoni anamalizia andazi ambalo kwa adabu alidai hakulitaka.

"Afande, sisi ni wageni tu," alisema Mustafa. "Tumemleta mama aone kwao. Aliondoka Muyinga msichana, mwaka ule wa sabini na mbili watu walipokimbia mauaji, hajarudi mpaka safari hii. Jumamosi tukasema watoto nao wakaone ngome. Tukaenda, tukarudi. Hatukuchukua hata jani."

"We unavuta sigara?"

"Mimi? Hapana."

Jibu lilitoka haraka mno. Uthmani aliangalia mkono wa fundi. Katikati ya vidole viwili kulikuwa na njano ambayo haitokani na uzi.

"Hata moja?"

"Hata moja. Ladha yake siijui."

"Mwanangu hajawahi kushika takataka hiyo," alisema Bibi Kulthumu, tasbihi haikusimama. "Andika hivyo."

Uthmani akaandika. Moyo ukamtulia kidogo. Uongo wa kwanza ni kama uzi uliochomoza kwenye nguo. Ukiupata, unavuta polepole.

Bibi akainuka kwa fimbo, akajifunga khanga vizuri kiunoni. Upande mmoja khanga ilikuwa imevimba.

"Mimi nawaacheni na maneno yenu. Nakwenda kuaga udongo wa baba yangu. Gari likija mniite."

"Mama, jua kali," alisema Amisa.

"Nilizaliwa ndani yake."

Akapita mlangoni, Fredi akampisha. Uthmani hakumwangalia mara ya pili. Alikuwa ameshika uongo wake mkononi na hakutaka upoe.

Geti lilipolia tu, Mustafa akashusha mabega.

"Afande, navuta. Navuta sana."

"Kumbe! Na mbona unanidanganya, we?"

"Mbele ya mama? Afande, wewe huna mama?"

Uthmani alikuwa na mama, yuko Gitega, na kulikuwa na mambo mawili matatu ambayo mama yule hakuwa na habari nayo. Uzi wake ulikatika hapo hapo.

"Washa moja," alisema mwishowe.

"Hapa ndani?" Yasmina alikuja juu. "Shefu, kwenye mapazia yangu?"

Wakatoka uani. Mustafa akavuta kwa hamu ya mtu aliyenyimwa tangu jana, akakung'uta jivu kwenye kisosi. Uthmani akafungua karatasi yake, akaweka kando kwa kando. Jivu la Mustafa lilikuwa laini, jepesi, pumzi tu linaruka. La kabatini lilikuwa zito, lina chembe za mkaa, ukilisugua linakwaruza.

"Hii si sigara, shefu," alisema Fredi. "Iko jivu ya kuni. Ya jikoni."

"Naona, Fredi."

"Nasema tu."

"Usiseme tu." Uthmani akamgeukia Amisa. "Mama, nione mikono."

Amisa akanyoosha mikono yote miwili, hakuficha hasira. Kucha zilikuwa na hina, rangi ya machungwa iliyofifia.

"Rangi ya chupa hatupaki sisi, afande. Inazuia udhu. Hilo hukulijua?"

Uthmani, mtoto wa Waislamu wa Gitega, aliyekwenda madrasa mpaka masikio yakavutwa, alipaswa kulijua kabla ya kuchoma mafuta ya serikali kutoka Gitega mpaka Muyinga. Fredi akageuka kuangalia ukuta, mabega yanatikisika.

Simu ikaita. Komisari.

"Umewapata?"

"Niko nabo hapa, shefu."

"Bangili?"

"Bado."

"Bado ni nini? Saa nane huyu Nazario anasomewa. Kama bangili haiko, anaenda. Ana mke, ana kazi ya serikali, na mi nimechoka kumuangalia anavyonyamaza. Fanya haraka!"

Ikakatwa. Uthmani akarudi ndani, akafanya kitu ambacho alikuwa ameomba Mungu asikifanye. Akawaambia wafungue mabegi.

Hakuna kazi inayochosha kama kukagua begi la mama anayerudi kwake. Khanga, sabuni, majani ya chai, viatu vya kumpelekea jirani, fulana ya kumpelekea mtoto wa jirani, ndizi zilizokaushwa za kumpelekea jirani mwingine ambaye angenuna. Kila alichotoa Amisa alikipokea, akakikunja upya palepale, kwa nguvu.

"Tumekaa Tanzania tukiitwa wakimbizi," alisema. "Tumekuja kwetu tunaitwa wezi. Sawa. Fungua na hilo, lina chupi za watoto."

"Mama, mi nafanya kazi tu."

"Na mimi nakunja tu."

Bangili haikuwepo. Uthmani akakaa juu ya begi tupu, akajifuta jasho. Alikuwa amebakiwa na swali moja dogo, la mtu aliyeishiwa.

"Mulipiga picha huko?"

Amisa akaleta kamera ndogo, akamshikia mwenyewe, akibonyeza. Watoto chini ya minara. Mustafa chini ya minara, kifua mbele kama aliijenga yeye. Bibi Kulthumu kwenye jiwe nje, uso mgumu.

"Huyu mbona haingie ndani?"

"Mama? Alikataa. Alisema nyumba ya wakubwa, sina nilichosahau humo."

Picha iliyofuata ilikuwa ya kabati. Bangili ilionekana vizuri, nene, rangi ya mkate ulioiva, na Nazario anaionyesha kwa kidole. Mkono wake safi, shati limeingizwa ndani, amejipanga kama siku ya harusi.

Kisha picha ya kuagana, mbele ya nyumba ya mlinzi yenyewe, ile iliyo chini kidogo ya ngome. Mkewe Theodosia alikuwa amebeba hotipoti ubavuni, anacheka. Nazario alikuwa pembeni, amenyanyua mkono kuaga.

Uthmani akaivuta kamera karibu na pua.

"Hii mkono iko na nini?"

"Wapi?"

"Hapa. Kule kwenye kabati mkono safi. Hapa iko mweupe mpaka hapa." Akajigusa kifundo. "Ni unga?"

"Labda alikuwa anapika," alisema Mustafa.

Fredi alicheka waziwazi. "Mwanaume wa Makebuko apike? Na mke iko mzima?"

Uthmani hakucheka. Akafungua daftari, ukurasa mpya.

"Mama Amisa. Niambie ile siku, kuanzia chakula. Polepole, usiniachie kitu."

"Chakula kina nini?"

"Sijui. Ndo maana nauliza."

Amisa akavuta pumzi. "Nilibeba pilau kwenye hotipoti yangu. Tukatandika kwenye majani mbele ya ngome, tule. Mara tukamwona yule Theodosia anakuja mbio: dada, dada, huku watu hawali nje wakionwa, mtachekwa mpaka Gitega! Maana yeye anajua, amekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na yeye walimcheka aliporudi. Akatuchukua kwake, tukala ndani. Tukamwachia pilau iliyobaki, akaihamishia kwenye sufuria yake."

"Nazario?"

"Alibaki kwenye ngome mpaka tulipomaliza. Halafu akafunga, akaja, akaingia jikoni mara moja, dereva wetu anapiga honi, nikamwita, njoo picha! Akatoka, tukapiga."

"Akanawa?"

"Angenawa saa ngapi? Gari likakwama kwenye mchanga, wanaume wote wakashuka kusukuma."

"Na hotipoti?"

"Hotipoti yangu ndiyo iliyotuchelewesha! Nikamwambia, dada, lete chombo changu. Akakataa. We, nikurudishie chombo kitupu? Nikamwambia wewe lete tu, sisi ni watu wa nyumbani. Akaingia ndani mwenyewe, akakaa, akatoka nayo nzito."

"Nzito na nini?"

"Maharage. Mekundu, ya mbegu, wamechanganya na jivu yasiliwe na wadudu."

Uthmani akafungua karatasi yake tena, taratibu, akachukua kile kipande chekundu kwa ncha ya kalamu. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa ndani kilikuwa cheupe.

"Ganda," alisema. "Ganda ya haragwe. Yesu na Maria."

"Shefu, we ni Mwislamu," alisema Fredi.

"Niachie."

Alisimama, akaanza kutembea kati ya kochi na mabegi. Juzi, Jumanne, alikuwa amemhoji Theodosia jikoni kwake. Uthmani alikalia kigoda, kiwiko chake juu ya chungu kikubwa, na yule mama akamwambia: mbegu zimeisha, shefu, mvua ikija sijui tutapanda nini. Yeye akaona ni malalamiko ya kila mtu, hakuandika.

"Ile kufuli ya kabati," alisema, "Fredi, Jumatatu tulifungua na nini?"

"Na msumari."

"Msumari! Mi na we, tukacheka. Nazario hakucheka, kwa sababu anaijua. Kila akitoka anabeba ile bangili nyumbani, anaificha. Wapi? Mtu amekimbia vita, amerudi, anajua mwizi anabeba kuku, anabeba godoro. Chungu ya mbegu yenye jivu hagusi. Jioni anaichimbia kule, asubuhi anairudisha, anaifuta kwenye shati. Lakini jivu haiishi yote. Inabaki kwenye kitambaa." Akasimama. "Jumamosi anafunga, anakuja nayo mfukoni, anasukuma mkono ndani ya mbegu. Honi! Njoo picha! Anatoka na mkono mweupe. Anaenda kusukuma gari. Na nyuma yake..."

"Theodosia anachota," alisema Amisa. Alikuwa ameshika mdomo.

"Anachota. Hajui kitu. Jumapili ngome imefungwa, hakuna anayetafuta. Jumatatu asubuhi mume anaingiza mkono, chungu iko tupu, bangili haiko. Nani mwingine anagusa ile chungu, kama si mke wake?"

Yasmina alikuwa amesahau birika mkononi.

"Mnifunge tu," alisema Mustafa polepole.

"Bon. Hotipoti iko wapi?"

Ilikuwa kwenye begi la mwisho, chini ya taulo. Wakati wa kukagua Uthmani aliipita bila kuifungua, akidhani ni chombo cha chakula tu; sasa akaishika, na ilikuwa nyepesi. Akafungua mfuniko. Ndani jivu tu, pembeni pembeni, na haragwe moja lililonaswa kwenye ukingo.

"Zilikuwa humu!" alisema Amisa. "Jana nilizifunga mwenyewe, nikapande Ujiji!"

"Mama Yasmina, umepika?"

"Mi? Mbegu ya jivu napikaje? We, shefu, mi nina akili!"

Uthmani akafunga mfuniko. Akaona tena ile khanga iliyovimba upande mmoja ikipita mlangoni, na Fredi anaipisha kwa adabu.

"Udongo ya baba yake iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya soko, pale mji unapoishia na migomba inapoanza. Walikwenda kwa miguu, Uthmani mbele, Fredi na Mustafa nyuma, Amisa nyuma yao amebeba hotipoti bila kujua kwa nini ameibeba. Ardhi ile ilikuwa na mtu mwingine sasa, mjane aitwaye Jovina, na Uthmani aliogopa kukuta kesi ya pili. Badala yake alimkuta Jovina ameshika jembe, anafungua mistari, na Bibi Kulthumu anafuata nyuma ameinama, anadondosha mbegu kutoka kwenye khanga.

"Mi nimemwambia mvua bado," alisema Jovina alipowaona. "Hasikii. Lakini ameniomba mistari michache tu, na baba yake ndo alipanda hii migomba. Ningesema oya, nimnyime?"

"Nasafiri leo," alisema Bibi bila kuinua kichwa. "Mvua itakuja mimi niko kule. Si kazi yake kunisubiri."

"Mama," alisema Uthmani, anahema, "kwenye hiyo mbegu, ulikuta kitu?"

"Nilikuta mbegu."

"Kitu ingine. Bangili."

Mkono wa bibi ulisimama kidogo tu, kisha ukaendelea.

"Bangili siijui."

Inspekta Uthmani alikuwa mtu mpole, na Gitega nzima inalijua hilo. Lakini saa sita ilikuwa imepita, chai ilikuwa imemjaa tumboni, na mbele yake kulikuwa na mistari iliyofunikwa udongo. Akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Fredi akaanza mstari wa pili. Fimbo ikawashukia, kwenye mgongo wa mmoja na kidole cha mwingine.

"Mnaharibu! Tokeni! Nani kawafundisha kufukua mbegu ya mtu?"

"Mama, nakuomba!"

"Ni mumewe aliyekutuma?"

Uthmani akainua uso, una udongo. "Mume ya nani?"

"Wa yule binti wa kule kwenye ngome. Kama ni mumewe amekutuma, sema, nikujibu vizuri: sina bangili, sijaona bangili, na Mungu anisamehe."

"Mumewe hawezi kunituma. Mumewe iko kasho. Amefungwa tangu Jumatatu, kwa ajili ya hiyo bangili."

Fimbo ilishuka polepole. Bibi Kulthumu akakaa chini, palepale kwenye mstari wake, mbegu zikabaki mapajani.

"Amefungwa na nani?"

"Na sisi."

"Kwa bangili ya mke wake mwenyewe?"

"Si ya mke wake, mama. Ni ile ya ngome. Ya kwenye kioo."

"Sikuingia mimi kwenye ngome. Kioo gani?" Vidole vyake vilikuwa vinahangaika na pindo la khanga, kwenye fundo. "Jana usiku nilikuwa nahamisha mbegu, nikaigusa. Nikajua imemtoka mkononi akichota. Binti ametupatia mbegu zake zote, na bangili ikamtoka, na hajui. Nikasema, nikiwaambia hawa, watapiga simu, mumewe atasikia. Mume akisikia bangili imepotea atamuuliza uliivulia wapi. Mimi nayajua maneno hayo, nimeyasikia kwa baba wa Mustafa miaka mingi. Basi nikanyamaza. Nikasema nitaipeleka siku moja mwenyewe, mkono kwa mkono."

Fundo likafunguka. Bangili ilikuwa na jivu kwenye michoro yake, nzito kuliko Uthmani alivyodhani. Akaifunga kwenye leso yake, akaweka mfuko wa ndani, akafunga kifungo.

"Kwa hiyo mume anadhani mke ameiba, ananyamaza kumlinda," alisema Fredi, "na bibi ananyamaza kumlinda huyohuyo mke. Na mke mwenyewe hajui hata kitu imepotea wapi. Shefu, sisi tungepata hii lini?"

"Nyamaza na we," alisema Uthmani.

Akapiga simu. Komisari alipokea kabla haijalia vizuri.

"Ninayo, shefu. Iko mfukoni mwangu. Toa Nazario."

"Voilà! Mwizi nani? Mume ama mke?"

"Hakuna mwizi."

Kalamu ikasikika ikiwekwa mezani.

"Uthmani. Gari ya serikali imeenda Muyinga, inarudi bila mwizi?"

"Nitaeleza yote kwa maandishi. Wageni walipewa mbegu, bangili ilikuwa ndani ya mbegu, mwenye kutoa hakujua, mwenye kupokea hakujua. Kosa ni la kufuli. Mutoe sasa, kabla ya saa nane, tafadhali."

"Utaandika hivyo? Kosa ni la kufuli?"

"Na msumari nitaambatanisha."

Alipokata, Bibi Kulthumu alikuwa anazoa mbegu ambazo hazijapandwa, kutoka mapajani na kwenye khanga, anazitia ndani ya hotipoti ambayo Amisa alikuwa bado ameibeba. Alizoa mpaka jivu.

"Wewe umefika kwake," alimwambia Uthmani. "Amebakiza mbegu yule binti?"

Uthmani akakumbuka kiwiko chake juu ya chungu. "Alisema zimeisha. Mi sikuandika."

"Basi mpelekee hizi. Mwambie mistari michache nimepanda kwa baba yangu, hizo sirudishi. Nyingine apande."

"Na hotipoti yangu?" aliuliza Amisa.

Bibi alimtazama mkwe wake kama mtu aliyeuliza kama jua litachwa. "Utaijia."

Amisa akafunga mfuniko, akamkabidhi Uthmani hotipoti kwa mikono miwili. Uthmani akaipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakaangaliana bila hasira.

"Mama, kwa yale mabegi..."

"Nimeshayakunja," alisema Amisa.

Walikuwa wameshapita vilima vya kwanza, Fredi kwenye usukani, hotipoti katikati ya magoti ya Uthmani, simu ilipoita kwa namba ya ofisini. Haikuwa sauti ya komisari. Ilikuwa ya mtu ambaye koo lake halijatumika siku kadhaa.

"Shefu Uthmani? Ni mimi, Nazario. Wamenifungulia. Wanasema bangili imepatikana."

"Imepatikana."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye mbegu. Palepale ulipoiweka."

Uthmani alisikia pumzi, kisha mlango unafungwa upande wa pili.

"Na mke wangu?"

"Mke wako alirudisha chombo cha wageni. Hakutaka kirudi kitupu. Basi."

Fredi alipunguza mwendo bila kuambiwa.

"Shefu," alisema Nazario. "Ukifika kule kwangu, usimwambie kwa nini nilinyamaza."

"Hata mi sijui kwa nini," alisema Uthmani, akakata, maana barabara ilikuwa mbaya na hotipoti ilihitaji mikono yote miwili.